Sweta Langu Limekuwa Migomba

Mji wa Moshi unasifiwa nchi nzima kwa usafi. Angusha ganda la ndizi karibu na mnara wa saa uone watu watakavyokukazia macho mpaka urudi kuliokota, kabla hata mgambo hajafika na kitabu chake cha faini. Siupingi usafi huo. Ninacholalamikia ni kwamba nyumbani kwangu, kando ya barabara ya kwenda Mweka, siruhusiwi kutupa kitu hata kwenye pipa. Pipa tunalo. Liko nyuma ya jiko, tupu, na kuku mmoja ameshalifanya mahali pa kutagia. Kila kinachoelekea huko hukamatwa njiani na mama watoto na kuhojiwa.

"Baba watoto, hiyo unaipeleka wapi?"

"Ni chandarua. Kimechanika."

"Kimechanika wapi?"

"Kila mahali."

"Basi kinafaa. Lete hapa."

Mama watoto anatengeneza lesi. Hafumi kwa mkono kama mama zetu walivyofuma vile vitambaa vya makochi ambavyo mgeni akiinuka humfuata mgongoni hadi mlangoni. Yeye anatumia cherehani, na malighafi yake ni vitu ambavyo nyumba nyingine huaga bila machozi: vipande vinavyoanguka chini ya meza za mafundi mjini, bitana za makoti, mapazia yaliyopauka, vifuko vya wavu vya vitunguu, na ile mifuko ya sokoni iliyotujia baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Serikali ilidhani imeiondoa plastiki mitaani. Haikujua kwamba kuna mtu angeipa makazi chumbani kwangu.

Kwa wale ambao hawajafikwa na jambo hili, nieleze linavyofanyika. Lesi ya cherehani huanza kwa kuinyima cherehani kazi yake. Kwanza unatoa mguu unaokandamiza kitambaa. Halafu yale meno ya chini, yanayosukuma kitambaa mbele, unayaziba kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la kupitisha sindano, kwa kuwa cherehani yetu ya miguu, Butterfly, ni ya zamani na haina kitufe cha kuyashusha. Hapo mashine haijui tena iende mbele au nyuma. Mshonaji ndiye anayekishika kitambaa kwa mikono miwili, kikiwa kimebanwa kwenye fremu ya duara, akikipeleka anakotaka huku miguu ikikanyaga. Mikono ikichelewa, uzi unajazana mahali pamoja. Mikono ikiwahi, sindano inapinda na kukatika. Vipande vya sindano navyo havitupwi. Vina kopo lake, na vile vilivyokosa kuingia kwenye kopo mimi ndiye ninayevigundua, usiku, kwa unyayo.

Mabaki hupangwa katikati ya matabaka mawili ya chandarua, kisha hushonwa juu yake mistari inayozunguka na kukatizana. Halafu anachukua mkasi mdogo na kukata wavu uliobaki wazi kati ya mistari, yanabaki matundu na maua. Njia ya pili haina hata wavu: anashona juu ya karatasi ya kaki, akimaliza anailoweka kwenye beseni na kuisugua kwa vidole mpaka yote itoke. Nje wana kitambaa maalumu kinachoyeyuka kwenye maji, lakini yeye anasema hawezi kuagiza kitu kutoka ng'ambo ili kikafie kwenye beseni. Kanuni ni moja: kila mstari lazima ukatizwe na mwenzake. Mstari usiokamatwa na mwingine, karatasi ikishatoka, unarudi kuwa uzi. Kuna kazi kubwa ya kipepeo aliyoishona bila kuzingatia hilo. Aliiingiza kwenye beseni kipepeo, ikatoka mafundo matupu, na aliyekabidhiwa kuyafumua mafundo hayo ni mimi, nikiwa nimekaa zangu natazama mpira.

Msidhani usiku tunapumzika. Umeme ukikatika, waume wengine hupata bahati ya kulala mapema. Cherehani ya miguu haijui habari za umeme. Taa ya mionzi ya jua inawashwa, na ngoma inaendelea.

Katika kujitetea niliwahi kumwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba lesi ya kweli ni ya mkono na kwamba ya mashine ni udanganyifu. Nilijibiwa kwa historia. Mswisi Isaak Gröbli alibuni mashine ya kudarizi inayoitwa Schiffli mwaka 1863. Katika miaka ya 1880, mafundi wa St. Gallen kwao Uswisi na wa Plauen huko Ujerumani wakagundua kwamba ukidarizi kwa uzi wa pamba juu ya kitambaa cha hariri, kisha ukakitia kwenye dawa kali, hariri itayeyuka na darizi itabaki imesimama peke yake. Kwa hiyo ile lesi nzito ambayo shangazi zetu huvaa kwenye sendoff, yenye maua yaliyoshikana bila kitambaa nyuma yake, asili yake ni beseni la dawa. Na kampuni ya Singer yenyewe, mapema katika karne ya 20, ilichapa vitabu vya kuwafundisha wanawake kudarizi na kutengeneza lesi kwa cherehani hizihizi za kukanyaga kwa miguu. Baada ya hapo sikuzungumzia tena udanganyifu. Nilihamia kwenye hoja ya moshi.

Maana moshi upo. Kabla kitambaa hakijaingia kazini lazima kipimwe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tofauti hiyo ina maana kwa fundi: poliesta unaweza kuitoboa kwa msumari wa moto na ukingo wa tundu ukajiziba wenyewe usichanike, ilhali pamba ukiigusa na msumari unapata tundu jeusi na lawama. Ni kwa kipimo hicho niligundua habari za suruali yangu ya kwendea kanisani, ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni sufu tupu. Ilitoa kidonge. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, na ni jamii moja na chupa ya maji ya kunywa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipokea komunio nimevaa chupa.

Tuje sokoni. Hapa Moshi ukisema mitumba umesema Memorial. Belo linafunguliwa asubuhi, wajanja wanachagua nguo nzuri kabla jua halijapanda, mchana wanakuja watu wa kawaida, na jioni yanabaki mashati yenye doa la wino, blauzi zisizo na kifungo, na magauni ya harusi ya watu wembamba sana. Hayo ya jioni ndiyo ya mama watoto. Zamani wauzaji walimpa kwa jero, wengine wakimsukumia bure ili wasiyabebe. Kosa lake ni kwamba siku moja aliwaonyesha kwenye simu picha ya kazi iliyokamilika. Tangu hapo akionekana tu kwenye njia ya kuingilia, bei inapanda.

"Mama, hili lina lesi nzuri sana."

"Limechanika kwapani."

"Ndiyo hivyo mnavyoyapenda ninyi wasanii. Buku tatu."

Hata fundi wetu wa kwenye baraza, ambaye alikuwa akiyafagia mabaki hadi mlangoni na kuyaacha hapo, sasa anayaweka kwenye mfuko, anaufunga, na kuuliza nimekuja na shilingi ngapi. Naomba wachumi walieleze jambo hili: takataka ambayo mwezi uliopita mwenyewe aliomba aondolewe, leo inauzwa kwa kilo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiache tu kuleta mitumba. Tulijaribu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imekoma, ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Marekani ikakunja uso, ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango ulioturuhusu kuuza bidhaa nyingi kwake bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza kamba, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Mwaka 2019 ukafika, ukapita, na belo zikaendelea kufunguliwa Memorial. Marufuku iliyopo ni ya nguo za ndani zilizovaliwa, nayo inasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote, ingawa mama watoto huguna kidogo. Anasema sehemu kubwa ya lesi nzuri iliyoshonwa duniani imefichwa huko.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Sweta.

Nilikuwa na sweta la sufu ya kweli, la kijani, nililolipata Memorial kwa buku tano baada ya mabishano ya haki. Wanaoishi chini mjini hawatanielewa, lakini sisi wa huku mteremkoni tunaijua Julai. Ukungu unashuka kutoka msituni, kilele cha Kibo kinajifunika kisionekane wiki nzima, na mtu mzima analala na soksi. Katika Julai hiyohiyo nililitafuta sweta langu kabatini, juu ya kamba, chini ya kitanda. Hatimaye nililikuta sebuleni, ukutani, likiwa shamba la migomba.

Kumbe uzi mnene hauwezi kupita kwenye tundu la sindano ya cherehani, lakini unaweza kuviringishwa kwenye bobini. Unalegeza kidogo skrubu ya kikasha cha bobini, unakigeuza kitambaa uso chini, unashona kwa nyuma, na uzi ule mnene unajilaza upande wa mbele ukishikwa na uzi mwembamba wa juu. Mama watoto aliyajua hayo. Alilifumua sweta langu kuanzia mkono wa kulia, akaviringisha bobini moja baada ya nyingine, akashona kihamba kizima: migomba, mibuni chini yake, mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ukipita katikati, na nyuma ya yote mlima.

Nakiri kazi ni nzuri. Majani ya migomba yana yale mapasuko ya upepo, na kila pasuko ni tundu la kweli ambalo ukuta unaonekana kupitia kwake. Ila niliona barafu ya kileleni ni kidogo mno, mistari miwili mitatu tu. Nikamwuliza kama uzi mweupe ulimwishia. Akanijibu kwamba ameshona kilichopo. Na ni kweli. Watafiti waliopima barafu ya Kilimanjaro waliandika kwamba kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 lilikuwa limeshatoweka. Kwa hiyo mlima wenyewe umemsaidia kubana matumizi. Mimi ndiye niliyebaki na baridi.

Kisha ikaja Desemba, mwezi ambao Wachaga wote waliotawanyika Dar es Salaam na kwingineko hupandisha mlimani, na kila nyumba hukaguliwa. Shangazi yangu aliingia sebuleni, akaketi, akakubali kikombe cha chai, akainua macho. Akaona chandarua ukutani. Akaona mfuko wa vitunguu dirishani umekuwa pazia la maua. Akaona kipande cha gunia la kahawa mezani kimetobolewa nyota. Hakusema kitu mpaka mama watoto alipotoka kwenda jikoni. Hapo akanisogelea.

"Mwanangu, mbona hukutuambia?"

"Kuhusu nini, shangazi?"

"Kwamba hali imekuwa ngumu kiasi hiki."

Akanikunjia noti ya elfu kumi mkononi, akasema nianze na pazia. Nilipomweleza kwamba hiyo ni sanaa, alinitazama kwa huruma iliyozidi ile ya kwanza. Noti yenyewe ilichukuliwa jioni hiyohiyo ikanunua koni za uzi.

Na hapa kwenye uzi ndipo penye siri ambayo wapenzi wa sanaa ya taka hawaisemi. Mabaki ni bure, au yalikuwa bure. Uzi si bure. Lesi ni matundu yaliyozungushiwa uzi, na uzi huo unatoka dukani, mpya, kwenye koni. Ukitumia uzi dhaifu ili upunguze gharama, kazi inakatika ikifuliwa mara moja. Ndiyo maana anafumua masweta, ndiyo maana anachomoa nyuzi kwenye magunia, na ndiyo maana nikiinama kufunga kamba za viatu namwona ananitazama miguuni.

Waandaaji wa semina hawajui hayo. Walishafika kijijini kutufundisha utunzaji wa mazingira, wakaning'iniza bango kubwa la plastiki lenye picha ya mti, wakagawa maji ya chupa, wakapiga picha, wakaondoka. Mama watoto alikaa mpaka mwisho kwa nidhamu kubwa. Nilifurahi nikidhani ameguswa na mada. Alikuwa anasubiri bango. Lile la tarehe ya mwaka jana sasa ni majani ya mbuni, na ukilisogelea unasoma herufi za neno "mazingira" zimekatwa katikati.

Mteja wa migomba alitoka mlimani. Wanaopanda Kilimanjaro, wengi wao hushukia lango la Mweka, na magari yao hupita mbele ya nyumba yetu yamejaa watu wenye vumbi, waliochoka na wenye furaha. Moja lilisimama. Mzee mmoja wa Kijerumani akaingia, akaitazama ile picha muda mrefu, akainama kwenye kona ya chini. Mama watoto ana tabia ya kuacha lebo ya nguo ya asili ameishona mahali fulani pembeni. Yule mzee akaisoma lebo ya sweta langu, akacheka mpaka akashika ukuta: ilikuwa ya duka la mji wa jirani na kwao. Akalipa elfu themanini bila kuomba apunguziwe, akalikunja sweta langu, akaondoka nalo kurudi lilikotoka.

Nilimwambia mama watoto kwamba hiyo ni dhuluma, maana buku tano ilikuwa yangu. Aliniambia kwamba huko Kampala yuko mbunifu anayeitwa Bobby Kolade ambaye biashara yake yote ni hiyo. Kampuni yake ya Buzigahill inachukua mitumba, inaikata na kuishona upya, na kuirudisha sokoni kwa wale walioituma. Mkusanyiko wake wa mwaka 2022 aliupa jina kwa lugha ya posta, kama barua iliyoandikwa irudishwe kwa mtumaji. Na Arusha kuna Shanga, ambako mafundi, wengi wao watu wenye ulemavu, hugeuza chupa kuukuu kuwa shanga na bilauri. Kwa hiyo nikae nikijua kwamba sweta langu liko kwenye mkondo wa maendeleo. Nikauliza kama mkondo huo una sweta jingine. Hakujibu, alikuwa anabadilisha bobini.

Pamoja na manung'uniko yangu yote, hesabu lazima isemwe. Belo moja la mitumba lina kama kilo 45. Lesi moja ya ukutani humchukua mama watoto siku nyingi na humeza shati moja, pengine na nusu ya pazia. Hata wanawake wote wa kutoka Machame hadi Rombo wakiketi kwenye cherehani usiku na mchana, hawatazimaliza belo za sokoni kabla meli haijaleta nyingine. Anayesema sanaa hii itasafisha dunia anamwongopea fundi na anamwongopea mnunuzi. Takataka zitapungua pale wanaotutumia watakapochambua kabla ya kufunga belo, na sisi tutakapoacha kununua shati la kuvaliwa mara mbili. Lesi inafanya jambo dogo zaidi lakini la hakika: inatoa kitu chenye thamani ya elfu themanini kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinakwenda mferejini, na tofauti yote katikati ni ujuzi wa mikono ya mtu. Ujuzi huo ndio unaouzwa. Matambara ni kisingizio.

Kwa hiyo, msomaji, ninayo maombi machache. Chandarua kizima kiache kitandani kwako, mbu bado wapo. Kilichochakaa kabisa ukitaka kutuletea, kifue kwenye beseni na maji yake uyamwage shimoni, mbali na mfongo na mto, kwa sababu dawa ya mbu iliyotiwa kwenye chandarua huua samaki. Kama wewe ni muuza mitumba, kumbuka kwamba shati lenye doa la wino bado ni shati lenye doa la wino. Na ukiingia kwa fundi yeyote wa lesi, awe Moshi, Arusha au Dar es Salaam, usimwulize kwa nini anataka pesa nyingi hivyo kwa matambara. Matambara hakukuuzia. Lipa bei aliyoitaja, maana uzi umepanda, na mimi nahitaji sweta kabla ya Julai.